Mwanangu kakata tamaa baada ya moko, na mimi niliishia la saba: nitamsaidiaje?

SWALI

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Muheza, mkoani Tanga. Asubuhi nauza maandazi, jioni nauza machungwa. Baba watoto ni dereva wa lori, kwa mwezi tunamwona mara mbili, ikizidi tatu.

Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa kwanza. Yuko kidato cha nne shule ya kata, na mwezi wa kumi na moja anaingia kwenye mtihani wa taifa. Shule ya msingi alikuwa wa mbele, alipofaulu kwenda sekondari tulichinja kuku. Wakati ule alikuwa na tabia moja: alfajiri nikisukuma maandazi anakuja na kigoda chake jikoni, ananisomea daftari kwa sauti na kunieleza mambo ya mizizi na majani, mimi nauliza maswali ya kijinga, tunacheka. Alipoingia sekondari mambo yote yakawa Kiingereza, akaacha kuja. Na mimi nikaacha kumuuliza, maana hata angenijibu nisingeelewa. Niliishia darasa la saba.

Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yametoka wiki mbili zilizopita. Nayaandika kama yalivyo: Kiswahili 52, Historia 41, Uraia 39, Kiingereza 27, Baiolojia 26, Jiografia 24, Hisabati 11, Kemia 10, Fizikia 9. Wamempa divisheni ya nne, pointi 31.

Tangu siku ile madaftari yapo chini ya godoro. Akirudi shule anajilaza. Nikimwambia asome anasema, "Mama, hata nikisoma nitafeli tu, bora nikabebe machungwa nikusaidie." Wiki iliyopita alikaa siku tatu bila kula chakula cha usiku. Baba yake alipopata habari alimpigia simu akamwambia akipata ziro asimtafute. Na mimi nilikosea, nilimwambia mbona kaka yake, mtoto wa dada yangu, alipata divisheni wani na kwao hata umeme hakukuwa? Hakunijibu. Toka hapo ananisalimia tu.

Sasa kuna kijana anafundisha tuisheni hapa mtaani, kaniita pembeni kaniambia nikimpa elfu hamsini ataniletea pepa zenyewe kabla ya mtihani. Kikoba changu wanaweza kunikopesha. Mwalimu, nikope? Au nimtafutie kambi ya tuisheni? Au nimwache kama alivyo? Zimebaki wiki tisa.

Mama wa Maandazi, Muheza

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Wazazi wengi huniandikia "mwanangu kafeli" na kuishia hapo. Wewe umeniandikia alama zenyewe, moja baada ya nyingine, na zinasema jambo tofauti kabisa na analosema kijana wako.

Ngoja nikueleze pointi zinavyopatikana, maana nina wasiwasi hata yeye mwenyewe hajawahi kukalishwa chini akaelezwa. Kuanzia alama 75 ni A, kuanzia 65 ni B, kuanzia 45 ni C, kuanzia 30 ni D, chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B ina 2, C ina 3, D ina 4, F ina 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na pointi zake kujumlishwa. Kwa hiyo kadiri pointi zinavyopungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Divisheni ya tatu ni pointi 22 hadi 25, ya nne ni 26 hadi 33, na ziro ni 34 na 35.

Sasa tazama hapa. Historia kapata 41, amepungukiwa alama 4 kufika C. Uraia 39, alama 6 kufika C. Kiingereza 27, alama 3 kufika D. Baiolojia 26, alama 4. Jiografia 24, alama 6. Jumlisha zote: alama 23, zimetawanyika kwenye masomo matano. Alama 23 hizo zikipatikana, huyu unayemwona amejilaza anashuka kutoka pointi 31 hadi 26. Halafu imebaki pointi moja tu aingie divisheni ya tatu. Moja. Anaweza kuipata kwa kupandisha Kiswahili kutoka 52 hadi 65, au kwa kupata D ya Hisabati.

Najua mtihani wa taifa utakuwa na maswali yake na wasahihishaji wake, kwa hiyo sikuahidi kitu. Ninachokuambia ni kwamba kijana wako amesimama karibu na mlango, na anadhani yuko ng'ambo ya mto. Alipoona F sita kwenye karatasi ile aliona ukuta mmoja mrefu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba F ya 27 na F ya 9 si kitu kimoja. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, chukua karatasi ya daftari, uandike masomo hayo matano na mbele ya kila moja uandike idadi ya alama zilizopungua: 4, 6, 3, 4, 6. Ubandike karibu na kitanda chake. Usihutubie. Mwambie tu, "Mwalimu mmoja kapiga hesabu yako, kasema ziko hivi."

Kijana wako si mvivu, ameogopa. Mvivu hajinyimi chakula kwa ajili ya matokeo. Mtoto aliyeogopa huwa anaona afadhali aseme "sikusoma ndiyo maana nimefeli" kuliko aje kusema "nilisoma kwa nguvu zangu zote na bado nimefeli". Hilo la pili ndilo linalomtisha. Ukiongeza vitisho juu ya woga unazidi kumsukuma chini ya godoro lile lile lenye madaftari.

Nikuombe jambo kuhusu hizo siku tatu za kutokula. Umesema zimepita, nashukuru. Lakini uwe na jicho. Ukiona anajitenga zaidi, halali, au amesema neno lolote la kutotaka kuishi, usisubiri mtihani upite na usimwambie ajikaze. Kaa naye, mpeleke kituo cha afya, na piga namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Mtihani unaweza kurudiwa mwaka mwingine.

Nije kwenye swali lililo ndani ya barua yako yote, ambalo hukuliandika waziwazi: mimi wa la saba, nisiyejua Kiingereza, namsaidiaje mtu wa kidato cha nne?

Mdogo wangu, ulikuwa unamsaidia vizuri kuliko tuisheni nyingi ninazozijua, ukaacha. Ulisimamisha ile shule ya jikoni kwa sababu uliona aibu, na yeye aliisimamisha kwa sababu lugha ilibadilika. Nakuomba uirudishe.

Nimefundisha Baiolojia miaka mingi, na kuna jambo nililishuhudia nisilosahau. Msichana mmoja wa kidato cha nne alinirudishia karatasi ya jaribio, swali la jinsi malaria inavyoenea alikuwa ameacha wazi kabisa. Nilimwita nje ya darasa, chini ya mwembe, nikamwambia nieleze kwa Kiswahili. Akaeleza yote. Mbu jike, mate yake, vimelea kuingia kwenye damu, kwenda kwenye ini, kurudi kwenye damu, homa inavyokuja. Hakuacha kitu. Nikamuuliza mbona hukuandika? Akasema, "Mwalimu, niliogopa sentensi." Sikumkosoa, na hadi leo neno lile linanirudia. Watoto wetu wanasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari moja wanaamka karibu kila kitu ni Kiingereza. Wengi wanaamua kukariri daftari kama lilivyo, neno kwa neno, bila kujua linasema nini. Swali likibadilishwa kidogo tu, kila kitu kinayeyuka.

Ndiyo maana nasema wewe ndiye msikilizaji anayemfaa. Mtu anayejua Kiingereza anaweza kudanganywa kwa sentensi ya kukariri. Wewe huwezi. Kukueleza wewe itabidi aelewe kwanza.

Fanyeni hivi. Saa kumi na moja alfajiri ukiwa unasukuma, aje na kigoda na daftari la somo moja. Asome ukurasa mmoja au miwili kimya. Kisha alifunge, alikalie kabisa, halafu akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Wewe uliza maswali yako yale yale ya zamani: kwa nini? kwa hiyo inakuwaje? na isipokuwa hivyo? Akikwama, afungue aone alipokwama, afunge tena, aendelee. Akimaliza, aandike jambo lile kwa Kiingereza, sentensi tatu au nne fupi, na jioni ajilinganishe na daftari. Nusu saa inatosha, usiivute ikawa saa nzima akachoka kabla ya shule.

Hapo kwenye kufunga daftari usilegeze. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi. Walipewa makala fupi za kusoma. Kundi moja likawa linarudia kusoma, jingine likisoma kisha likifunika na kuandika linachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliofunika na kujikumbusha wenyewe waliwapita wenzao kwa mbali. Hii ndiyo inawaponza watoto wanaopiga msuli usiku kucha. Wanasoma daftari mara sita, macho yanaizoea kurasa, wanajiona wanajua. Kwenye chumba cha mtihani kurasa haipo, na wao hawajawahi kujaribu bila kurasa.

Na kukesha kwenyewe ukuzuie. Najua watakuwepo wenzake watakaomfundisha kuweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Akili inapanga yaliyosomwa wakati mtu amelala. Awe kitandani saa nne usiku, na akirudi kutoka shule amechoka mwache ajilaze hata saa moja, kisha umwamshe kwa upole. Kama kuna kazi za kuchota maji na kuosha vyombo, zigawe kwa wadogo zake hizi wiki tisa, ila umwachie kazi moja ndogo. Mtoto aliyeondolewa kila kazi "kwa sababu ya mtihani" anabeba mtihani kichwani hata wakati wa kupumzika.

Kuhusu masomo, nitakuwa mkweli, wapo walimu wenzangu ambao hawatafurahi. Masomo saba tu ndiyo yanayohesabiwa kwenye divisheni. Fizikia 9 na Kemia 10 haziwezi kupewa saa sawa na Kiingereza kilichopungukiwa alama 3. Asizitelekeze, na siku ya karatasi hizo aingie na ajibu anachoweza, lakini saa zake za nyumbani aziweke kwenye yale matano, kwenye Kiswahili na kwenye Hisabati.

Kiswahili nakitaja kwa makusudi, kwa sababu wanafunzi wengi hawakisomi. Wanasema "ni lugha yetu", wanaingia na mdomo mtupu. Kisha wanapoulizwa maswali ya fasihi wanataja dhamira tano bila kutoa mfano hata mmoja kutoka kwenye kitabu walichosoma, wanashangaa kupata nusu ya alama. Kila hoja iwe na mfano wake: nani alifanya nini, kwenye kitabu gani. Hilo anaweza kukueleza wewe jikoni kama anavyosimulia habari za mtaani. Akusimulie riwaya na tamthilia zake zote, mwanzo hadi mwisho, wewe umkate umuulize mhusika huyu alifanya hivyo kwa sababu gani. Na Historia na Uraia vivyo hivyo, insha zao zinataka hoja na mfano, utangulizi na hitimisho. Ukipata kwa kimoja umepata kwa vyote vitatu.

Hisabati ndiyo inayoangusha wengi nchini kila mwaka, basi asijione peke yake. Karatasi za miaka ya karibuni zina sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B yenye maswali 4 ya alama 10. Piga hesabu mwenyewe: maswali matano ya sehemu A yakikamilika ni alama 30, ni D. Mtoto mwenye 11 hana haja ya kuimaliza silabasi nzima ndani ya wiki tisa. Amwendee mwalimu wake wa Hisabati, aseme, "Mwalimu, nichagulie mada sita za kufia nazo." Seti na zile duara zake, faida na hasara, mfuatano na mfululizo, vipeo na logi, takwimu, matriki, mwalimu wake anamjua zaidi yangu, ataongeza au kupunguza. Kila siku maswali mawili kwa kalamu, si kwa macho. Hesabu haisomwi kwa kutazama jibu la mwenzako na kutikisa kichwa. Na ile ya faida na hasara mpe ya unga wako, sukari yako na mafuta yako. Hapo wewe ndiye mwalimu, yeye ndiye mwanafunzi.

Nenda shuleni mwenyewe, wiki hii. Usisubiri kikao cha wazazi. Muulize mwalimu wa darasa maswali mawili tu: je, shule ina kambi au vipindi vya jioni kwa kidato cha nne, na mwanangu anakaaje darasani? Walimu wa shule za kata wana madarasa makubwa, mtoto aliyenyamaza nyuma anapotea machoni. Mzazi akifika, jina lake linakumbukwa.

Sasa hizo elfu hamsini.

Usitoe. Usikope. Na huyo kijana usimkaribishe tena barazani kwako. Mara nyingi karatasi wanazouza watu hao ni za kughushi au ni mitihani ya zamani iliyobadilishwa tarehe, na ukitapeliwa huna pa kushtaki. Na ikitokea ni ya kweli, ndiyo balaa zaidi: kuwa nayo ni kosa kisheria, na Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyebainika kudanganya. Miaka minne ya mwanao inaondoka kwa karatasi moja. Lakini kuna kinachoniuma kuliko vyote hivyo. Siku utakapomkabidhi pepa ya kununua, utakuwa umemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba na wewe unaamini hawezi. Hicho ndicho anachokihofia kuliko ziro.

Ukiwa na shilingi elfu chache, zipeleke steshenari. Mitihani iliyopita ipo bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, pamoja na kitu ambacho hata walimu wengine hawakitumii: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Wanachukua kila swali la mtihani uliopita, wanaeleza lilitaka nini, watahiniwa walikosea wapi, na wanaweka mfano wa jibu zuri na jibu baya yalivyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Mwambie kijana wa steshenari akupakulie za Baiolojia, Jiografia na Historia, achape kurasa chache za maswali yanayojirudia. Mwanao akiona jibu baya la mtu mwingine, akagundua angeandika hivyo hivyo, amejifunza kitu ambacho tuisheni ya mwezi haimfundishi. Pia humo atajifunza maneno ya kuulizia. Swali likianza na "state" linataka ataje kwa ufupi. Likianza na "explain" linataka sababu na maelezo. Nimesahihisha karatasi nyingi za watoto wanaojua jibu lakini wakataja pale walipotakiwa kueleza, alama zikaenda.

Kila Jumamosi afanye karatasi moja nzima, kwa saa ya ukutani, pasipo simu wala daftari, mezani au hata juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wewe msimamie, akipita mtu kumwita umwambie yuko kwenye mtihani. Akimaliza asahihishe na mwenzake. Wiki tisa ni Jumamosi tisa. Atakapoingia chumba chenyewe Novemba, mwili utakuwa umeshazoea kukaa saa tatu.

Upande wa baba yake, najua hasira ile ni ya mtu aliye mbali na anayeogopa kama wewe. Mpigie usiku akiwa amepumzika. Usimlaumu. Msomee zile namba: 4, 6, 3, 4, 6. Madereva ni watu wa kilomita, ataelewa vizuri sana maana ya kubakiza kidogo. Kisha mwombe jambo moja: ampigie mwanawe mara moja kwa wiki amuulize, "Leo umeelewa nini?" Asiulize kama atafaulu. Swali la kufaulu mtoto hana jibu lake sasa hivi. La leo analo. Na lile neno la asinitafute alifute yeye mwenyewe kwa kinywa chake, wewe huwezi kulifuta kwa niaba yake.

La kaka yake mwenye divisheni wani lifute wewe. Mwite, mwambie, "Mwanangu, lile neno nililosema halikuwa zuri, nisamehe." Najua wapo watakaosema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Mimi nimeomba radhi kwa wanangu na kwa wanafunzi wangu, na sijaona heshima iliyopungua.

Pia mweleze mapema, kabla ya mtihani, kwamba yapo maisha baada ya Januari matokeo yakitoka, yoyote yatakayokuwa. Zipo kozi za ufundi za VETA, vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, na ipo njia ya kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambako mtu anarudia yale aliyoshindwa. Wazazi wengine huogopa kuyataja haya wakidhani mtoto atalegea. Niliyoyaona mimi ni kinyume chake. Anayejua kwamba akianguka atapokelewa ndiye anayethubutu kukimbia.

Siku zenyewe za mtihani hazina mengi. Kalamu mbili, rula, namba yake ya mtihani akiijua kwa moyo, chai na maandazi yako mwenyewe. Akitoka kwenye karatasi moja asikae getini kulinganisha majibu na wenzake. Aje nyumbani, ale, ashike ya kesho.

Anza kesho alfajiri. Usimwambie "kaa usome". Iliki unayotia kwenye maandazi nadhani inatoka Amani, huko juu milimani. Mwambie hivi: "Baba, njoo nieleze kitu. Kwa nini Amani mvua hainyamazi, na sisi hapa chini Muheza tunakaa juani?" Jibu lipo kwenye daftari lake la Jiografia: upepo wa bahari unaobeba unyevu, mlima wa Usambara unaousukuma juu, hewa inayopoa na kuangusha maji. Anaweza kukuambia hajui. Mwambie basi akachungulie chini ya godoro, wewe utamsubiri, moto bado haujakolea.

Niandikie Januari.